Ubaridi wa Gari la Zamani na Haki za Jirani

Land Rover Series III, gari lililotoka kiwandani Solihull, Uingereza, kati ya mwaka 1971 na 1985, liliundwa na watu waliojua kwamba lingeuzwa kwenye nchi za jua kali. Chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili vinavyofunguliwa kwa mkono ili upepo uingie moja kwa moja kwa dereva na abiria wa mbele. Mengine, hasa yale ya kubebea abiria, yana paa la pili lililoinuliwa kidogo juu ya paa la kwanza. Jua linaunguza la juu, hewa inapita katikati, na la chini linabaki kivulini. Hilo lilikuwa jibu la enzi zake: kivuli na upepo. Leo mwenye gari kama hilo, akiwa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, anaweza kumwendea fundi na kumwomba alifungie kiyoyozi. Kazi inawezekana, na mafundi wanaifanya. Kinachogombewa ni kama inafaa, na hapa neno hilo lina uzito wa kidini na wa kifalsafa: je, mtu ana haki ya kujiongezea starehe ambayo hata waliolitengeneza gari hawakuiona kuwa ya lazima? Hoja yangu ni kwamba swali hilo, likiulizwa hivyo, linatupoteza njia. Kutamani ubaridi hakuna kosa. Cha kuhukumiwa ni kile kinachotoka nje ya gari ili ndani pawe na ubaridi, nani anakipokea, na kama mwenye gari alikuwa na uwezo wa kukizuia.

Desturi ya kuhukumu tamaa ya ubaridi ni kongwe. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, aliwashambulia matajiri wa zama zake walionunua theluji na barafu ili wapoze vinywaji. Kwake hiyo ilikuwa dalili ya mwili uliodekezwa hadi maji ya kawaida hayautoshi. Karne tatu kabla yake, Epicurus wa Ugiriki alikuwa amezigawa tamaa za binadamu katika mafungu matatu: za asili na za lazima, za asili lakini si za lazima, na zisizo za asili wala za lazima. Fungu la kwanza, alifundisha, lamtosha mwenye hekima. Uislamu unakataza israfu waziwazi, na mahubiri ya Kikristo kuhusu kiasi hayana idadi. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si', alikitaja kiyoyozi chenyewe kuwa mfano wa mazoea ya matumizi yanayozidi kukua huku soko likiyachochea kwa faida yake. Ukiyaweka haya pamoja unapata hukumu ambayo wazee wengi wa kwetu wangeiunga mkono bila kufungua kitabu hata kimoja: gari lilikuja bila kiyoyozi, babu alilipanda hivyohivyo, nawe fungua dirisha.

Hukumu hiyo ni kali, lakini inapima kitu kisichostahili kupimwa. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Pwani, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa imeshiba unyevunyevu. Jasho linatiririka, shati linalowa, na joto linabaki mwilini. Gari lililoegeshwa juani linaweza, kwa nusu saa tu, kuwa na joto la nyuzi 15 au zaidi juu ya lile la nje. Kwenye foleni, vile vifuniko vya mbele havisaidii, kwa kuwa upepo wake huletwa na mwendo. Mgonjwa anayepelekwa hospitali, mama mwenye mtoto mchanga, mzee mwenye moyo dhaifu, hata dereva wa safari ndefu ambaye joto linampunguzia umakini: hawa hawadekezwi wanapopozwa. Imam al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, aliyapanga maslahi ya watu katika daraja tatu: dharura, ambazo bila hizo maisha huharibika; haja, ambazo bila hizo maisha huendelea kwa tabu na dhiki; na yale yanayoyapamba na kuyakamilisha maisha. Kiyoyozi cha gari huku Pwani mara nyingi huangukia daraja la pili, na daraja hilo sheria inalitambua na kulihudumia. Kuliita anasa ni kumdhulumu aliyemo ndani yake.

Tena si kweli kwamba wazee waliudharau ubaridi. Kuta za nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari ziko juu, na vichochoro vimebanwa hivi kwamba jua halifiki chini kwa sehemu kubwa ya siku. Ni kazi ya watu waliolifikiria joto kwa bidii na kugharimika kulizuia. Katika sura ya An-Nahl, vivuli na mavazi ya kukinga joto vimehesabiwa miongoni mwa neema ambazo Mungu amewapa waja wake. Katika kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu amekaa mlangoni pa hema wakati wa hari ya mchana. Anawaona wageni watatu, anawakimbilia, na anawakaribisha wanawe miguu na kupumzika chini ya mti. Ubaridi, basi, umo ndani ya dini hizi kama neema na kama ukarimu. Ila tazama ni ubaridi wa namna gani. Ukuta unaokikinga chumba ndio huohuo unaokitia kivuli kichochoro anamopita mpita njia. Mti wa Ibrahimu haukumwunguza mtu mwingine ili yeye na wageni wake wapoe. Ubaridi wa kale ulikuwa na tabia hii: aliyejitengenezea hakumpunguzia mwenzake, na mara nyingi alimwongezea. Hapo ndipo mtambo unapoachana na kivuli, na hapo ndipo maswali ya maadili yanapopaswa kuanza.

Ili tuone vinaachana vipi, na tuangalie fundi anafunga nini. Kompresa hukazwa pembeni ya injini kwa kishikio cha chuma, ikazungushwa na mkanda. Kondensa husimamishwa mbele ya rejeta. Kwa kuwa dashibodi ya gari hilo haikuachiwa nafasi, evaporeta na feni zake huwekwa kwenye kasha linaloning'inia chini yake, karibu na magoti ya abiria. Mipira minene huviunganisha vitu hivyo, na katikati kuna chupa ya kunyonya unyevu na vali inayoubana mkondo wa gesi. Gesi ikishindiliwa na kompresa hupata moto. Ikipita kwenye kondensa huliacha joto lake kwenye upepo wa nje na kugeuka kimiminika. Ikivuka vali shinikizo hushuka ghafla, ikapoa, na ndani ya evaporeta ikachemka tena huku ikinyonya joto la abiria. Katika mzunguko wote huo hakuna mahali ubaridi unapozaliwa. Joto linachukuliwa ndani na kutupwa nje, pamoja na joto la ziada la kazi ya kompresa yenyewe, kwa sababu joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye moto. Rudolf Clausius, mwanafizikia Mjerumani, alilieleza jambo hilo mwaka 1850, na hakuna mtambo uliowahi kulikwepa. Injini ya kawaida ya petroli ya Series III ina nguvu ya farasi kama 70 tu, na kompresa inakula farasi kadhaa kati ya hao. Rejeta nayo sasa inapokea upepo uliokwisha kupashwa na kondensa, hivyo inalemewa. Fundi makini ataongeza feni ya umeme, la sivyo injini itachemsha kwenye mlima. Wa kwanza kupokea joto la abiria ni injini, na wa pili ni dereva wa bodaboda aliyesimama kando kwenye foleni.

Dini zinazoongoza maisha ya wengi wetu zina lugha iliyo tayari kwa hali kama hii, nayo ni lugha ya ujirani. Fiqhi ya Kiislamu imeweka kanuni kwamba madhara huondolewa. Kanuni hiyo haikubaki midomoni. Mwanzoni mwa karne ya 14, Ibn al-Rami, mwashi wa Tunis aliyekuwa akitumwa na makadhi kukagua majengo yenye ugomvi, aliandika kitabu kizima kuhusu hukumu za kuta, madirisha, mifereji na moshi. Wanazuoni wa Kimaliki aliowategemea walitofautisha moshi na moshi. Wa jiko la nyumbani ulivumiliwa, kwa kuwa hakuna aishiye bila kupika. Wa tanuri la mkate au wa hamamu, unaotoka kwa wingi na ambao jirani angeweza kuepushwa nao, ulizuiliwa. Hapakuwa na haja ya kusema kwamba kuoka mkate ni dhambi au kwamba kuoga maji ya moto ni anasa. Kilichotazamwa ni dhara linamfika nani, na kama linaepukika. Injili nayo, katika mfano wa Msamaria Mwema, inaupanua mpaka wa ujirani hadi kwa mtu usiyemjua, asiye wa taifa lako, mliyekutana naye njiani tu. Ukiviunganisha viwili hivyo una kipimo cha kutosha: jirani yako ni yeyote anayefikiwa na kinachotoka kwako, nawe unawajibika kwa kile ulichoweza kukizuia.

Kwa kipimo hicho, kiyoyozi cha gari kinatoa moshi wa aina mbili. Wa kwanza ni joto la kondensa pamoja na moshi wa petroli ya ziada inayochomwa ili kompresa izunguke. Huo una hukumu ya moshi wa jiko: unamkera aliye karibu, unaiongezea hewa mzigo, lakini unakoma swichi ikizimwa, na haukwepeki kwa anayesafiri na mgonjwa mchana wa Februari. Unadai kiasi, haudai katazo. Wa pili hauonekani, na unaweza kutoka hata gari likiwa limelala: ni gesi yenyewe inayozunguka kwenye mipira. Hiyo haikukusudiwa itoke. Mtambo uliofungwa vizuri huitunza kwa miaka, na sehemu kubwa ya inayopotea imepotea kwa uchakavu uliopuuzwa, uzembe au haraka ya mtu. Huo ni moshi wa tanuri.

Historia ya gesi hiyo ni historia ya jirani aliyesahauliwa. Mwaka 1930 mkemia Mmarekani Thomas Midgley alisimama mbele ya Chama cha Kemia cha Marekani, akavuta kifuani gesi mpya iliyokuja kujulikana kwa jina la biashara la Freon, kisha akaipuliza kwenye mshumaa uliokuwa ukiwaka hadi ukazimika. Alitaka kuonyesha kwamba gesi hiyo haina sumu na haishiki moto, na alisema kweli. Ushahidi wake ulimhusu kila mtu aliyekuwamo ukumbini, na ukaishia ukumbini. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza jinsi gesi za jamii hiyo zinavyopanda juu sana angani na kuliharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua, na mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba tabaka hilo lilikuwa limepungua mno juu ya Antaktika. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukafungua njia ya kuiondoa R-12, gesi ya viyoyozi vya magari ya miaka hiyo. Iliyoshika nafasi yake, R-134a, haiharibu ozoni, lakini kwa kipindi cha miaka 100 kilo moja yake huipasha dunia sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za kundi hilo kwa zaidi ya asilimia 80 katika miongo inayofuata.

Zishushe takwimu hizo hadi kwenye gari moja. Kiyoyozi cha kawaida cha gari hubeba R-134a kama gramu 700. Zikivuja zote, dunia imepashwa sawa na tani moja ya hewa ukaa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi, kwa hiyo mvujo huo mmoja ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 400 za petroli bila gari kusogea hata hatua. Wenye viyoyozi vinavyovuja wengi hawatafuti tundu lilipo. Hurudi kwa fundi kila baada ya muda kuongeza gesi, na kila wanaporudi hesabu hiyo inaanza upya. Mtu anayejinyima kukiwasha kwa kuogopa israfu, huku gesi yake ikivuja usiku na mchana, amejinyima bure. Anayekiwasha kila siku kwenye mtambo usiovuja ana lawama ndogo kuliko yeye. Kipimo cha tamaa kingemsifu wa kwanza na kumkemea wa pili, na kwa sababu hiyo hakitufai.

Uzito wa kimaadili wa kazi hii uko kwenye mikono ya fundi na mfuko wa mteja kuliko kwenye moyo wa anayetamani ubaridi. Gari la zamani lina mtikisiko. Injini inacheza kwenye mipira inayoishikilia, na kompresa inacheza nayo, ilhali kondensa imekazwa kwenye bodi. Mpira unaoziunganisha ukikatwa mfupi utachanika. Mipira ya kizamani hupitisha gesi polepole kwenye kuta zake, kwa hiyo inatakiwa ile yenye utando wa nailoni ndani. Kila kiungio kinataka oringi mpya iliyopakwa oili, na oili iwe ya kuendana na gesi, maana ile ya madini iliyotumika na R-12 haichanganyiki na R-134a. Akishafunga, fundi mwaminifu hujaza naitrojeni kwa shinikizo na kuitazama geji kama mshale unashuka. Akiridhika huunganisha pampu ya kuvuta hewa na unyevu kwa nusu saa au zaidi, huangalia tena kama mtambo unashikilia, ndipo anapojaza gesi iliyopimwa kwa mizani. Kama gari lina gesi ya zamani, huivuta kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi. Hatua hizi ndizo zinazorukwa mteja anapobana bei. Naitrojeni haipo, pampu haipo, gesi ya zamani inafunguliwa ipige mluzi hewani chini ya mwembe, na mpya inajazwa kwa kukisia hadi mteja aseme baridi imekuja. Na baridi imekuja kweli: kwa wiki za kwanza, aliyeketi ndani hawezi kuitofautisha kazi ya haki na ya ujanja. Tofauti yote iko nje, kwa watu ambao hawakuwapo kwenye mapatano ya bei.

Atakuwapo wa kusema kwamba gari ni lake na pesa ni zake. Jibu lake ni fupi: ubaridi ni wake, lakini gesi ikishatoka imekuwa ya kila mtu. Mwingine atasema tani moja ya hewa ukaa si kitu mbele ya viwanda na ndege. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama madhara ya R-12 na ndugu zake yangeletwa na mkosaji mmoja mkubwa. Hayakuletwa hivyo. Yaliletwa na friji za majumbani, makopo ya kupulizia, sponji na magari, kila kimoja kikitoa gramu zake, na hakuna mtumiaji mmoja ambaye ungeweza kumnyooshea kidole. Kumsubiri mkosaji mkubwa ajirekebishe hakusaidii kitu, kwa kuwa mkosaji mkubwa ni jumla yetu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakichagui kati ya akiba na sumu. Wapenda magari ya kale nao watalalamika kwamba uasilia wa gari umevunjwa. Kiyoyozi kilichofungwa bila kutoboa bodi kinaweza kufunguliwa kesho na gari likarudi lilivyokuwa. Hewa haina njia hiyo ya kurudi.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Marekani, kufikia mwaka 1969, zaidi ya nusu ya magari mapya yaliuzwa yakiwa na viyoyozi, na viyoyozi hivyo vilitumia R-12, ambayo kilo moja yake huipasha dunia mara 10,000 hivi kuliko hewa ukaa. Bara zima la Afrika linatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Kwa nini basi dereva wa Mombasa, anayeishi kwenye joto mwaka mzima, ndiye ahubiriwe kuhusu oringi na naitrojeni, na si yule wa Chicago? Malalamiko haya ni ya kweli, na makubaliano ya Kigali yaliyasikia. Nchi tajiri zilitakiwa kuanza kupunguza mwaka 2019. Nchi nyingi zinazoendelea zikapewa hadi mwaka 2024 kusimamisha ongezeko. Na kundi la nchi zenye joto kali, zikiwemo Oman na jirani zake wa Ghuba, likaachiwa hadi 2028. Aliyechafua zaidi ametangulizwa kulipa, na hivyo ndivyo inavyostahili. Lakini tazama haki hiyo inampa nini dereva wetu. Inampa haki ya ubaridi, ambayo sijaipinga. Haimpi haki ya kuvujisha, kwa sababu kuvujisha hakumwongezei ubaridi hata nyuzi moja. Kunamwongezea safari za kwa fundi. Isitoshe, wa kwanza kuumia joto la dunia likizidi ni mkulima wa Dodoma na mvuvi wa Pemba, ambao nao hawakuwa na gari la baridi mwaka 1969. Gesi inayovuja Mombasa haimlipizii kisasi dereva wa Chicago. Inawakuta hao.

Kutoka upande wa pili atakuja mwenye msimamo mkali: kama kila mtambo siku moja utavuja, basi usifungwe kabisa. Ana nusu ya ukweli, kwani kivuli hakivuji. Nusu hiyo ichukuliwe kuwa utaratibu wa kazi. Sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu tupu, vifuniko vyake vya mbele mara nyingi havizibi sawasawa, na mipira ya milango imekauka kwa umri. Kufunga kiyoyozi humo kabla ya kuziba ni kuipoza barabara. Kwanza ziba, weka kizuizi cha joto chini ya paa na kwenye ukuta wa injini, tafuta lile paa la pili, egesha kivulini. Mtambo uje mwisho, kivuli kikishafanya kazi yake, na ukija hivyo utatosha hata ukiwa mdogo. Mwenye msimamo mkali akitaka zaidi ya hapo, akumbuke kwamba katazo lake litamwangukia mgonjwa kabla ya kumwangukia tajiri, ambaye atanunua gari jingine. Na anayependekeza gesi za jamii ya ile ya kupikia, kwa kuwa hazipashi dunia kwa kiwango hicho, akumbuke kwamba hizo hulipuka. Kuzijaza kwenye mtambo usiotengenezwa kwa ajili yake ni kulihamisha dhara kutoka kwa jirani wa mbali kwenda kwa abiria na fundi, na fiqhi haikubali dhara liondolewe kwa dhara lililo sawa nalo.

Limebaki onyo la Papa Fransisko, ambalo halijibiwi kwa oringi. Mashine inaweza kufungwa kwa uaminifu wote na bado ikamzoesha mtu vibaya: anaacha injini inanguruma nje ya shule nusu saa nzima, hapandi mti kwa kuwa hauhitaji, na joto la mtaani linakuwa habari ya watu wengine. Packard ya mwaka 1940, gari la kwanza kuuzwa likiwa na kiyoyozi cha kiwandani, haikuwa na swichi ya kukizima kabisa. Dereva alilazimika kusimama, kufungua boneti na kuutoa mkanda wa kompresa. Sisi tuna swichi. Onyo la Papa linamhusu mwenye kidole juu ya swichi hiyo, na linamdai aizime gari lisipotembea, aizime jioni upepo wa bahari ukishaingia, na asikione kivuli kuwa kazi ya maskini.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba kulifungia kiyoyozi gari lililozaliwa bila hicho ni jambo la halali, na kwa wengi wa Pwani ni haja iliyo dhahiri. Halali hiyo ina sharti: kinachotoka nje kiwe ni kile kisichoepukika tu. Anayelipia baridi na kukataa kulipia upimaji wa mvujo amewatwika wengine gharama yake, hata kama anasali safu ya mbele au anakaa benchi la kwanza kanisani. Ndugu msomaji, ukienda kwa fundi usianze na bei. Muulize kama ana naitrojeni, pampu na mizani, na gesi iliyomo kwenye gari ataiweka wapi. Akisema ataifungulia hewani, mshukuru, tafuta fundi mwingine, na huyo umlipe kwa kadiri ya kazi anayoifanya.